"Ta" ya Wachina na "yeye" yetu

Ukitafsiri programu kwa Kiswahili, neno "yeye" halikusumbui. Mtumiaji awe Otieno au Wanjiku, ujumbe ni ule ule: "amebadilisha nywila." Kichina cha kuzungumza kiko hivyo pia: tā ni yeye, mwanamume au mwanamke. Vurugu iko kwenye maandishi.

Zamani herufi ilikuwa moja, 他. Katika Kichina cha kale ilimaanisha "mwingine", na kufikia enzi ya Tang (618–907) ilikuwa inatumika pia kwa maana ya "yeye". Kushoto kwake kuna alama 亻, yaani mtu. Basi, mtu ni mtu.

Mwanzoni mwa karne ya 20 wasomi wa China walikuwa wanatafsiri vitabu vingi vya Ulaya, ambako yeye wa kiume na yeye wa kike ni maneno mawili. Mshairi na mwanaisimu Liu Bannong akapendekeza 她: alama ya mtu imetolewa, pakawekwa 女, mwanamke. Mwaka 1920 aliitetea katika makala. Herufi yenyewe haikuwa mpya, maana ilikuwamo katika kamusi za kale kwa maana nyingine. Waandishi kama Lu Xun walitumia 伊 kwanza, lakini mwishowe 她 ikashinda.

Si wote waliofurahi. Jarida la wanawake Funü Gongming, lililoanza mwaka 1929, lilikataa kuitumia. Hoja yao ilikuwa nyepesi kuelewa: mwanamume amebakishiwa alama ya mtu, mwanamke amenyang'anywa. Kwani mwanamke si mtu?

Sasa njoo kwenye tarakilishi. Andika "ta" kwenye kibodi ya Kichina na orodha inafunguka: 他, 她, na 它 ya vitu. Katika Unicode kila moja ina namba yake: U+4ED6, U+5979, U+5B83. Mdomo haukulazimika kuchagua, vidole vinalazimika. Ndiyo sababu kwenye intaneti Wachina wengi huandika "TA" kwa herufi za Kilatini pale jinsia haijulikani au haihusiki.

Nasi tuliojaliwa "yeye" tunaunda fomu zinazouliza "Mume/Mke" kabla hata ya jina! Ukitaka kuongeza kisanduku hicho, jiulize kwanza: programu yako itakifanyia kazi gani? Kama hakuna, kiondoe.