Bundi Angali Analia

Masomo: Mathayo 14:22–33, 1 Wakorintho 13:11



Tulipokuwa wadogo tuliambiwa mengi penye moto wa jioni. Tusipige mluzi usiku, tutaita nyoka. Tusifagie nyumba jua likitua, tutafagia baraka. Tukijikwaa mguu wa kushoto turudi nyumbani, safari ni mbaya. Na bundi akilia karibu na nyumba, yuko mtu atakayekufa. Baadaye tulikwenda shule, tukabatizwa, tukawekewa mikono na Askofu. Leo wengine wetu tuna wajukuu. Je, hofu zile tuliziacha wapi?

Usiku mmoja tulikesha na mgonjwa, tukiimba na kuomba. Mara bundi akalia mtini. Nyimbo zikakoma. Mzee mmoja wa kanisa, mtu wa zaidi ya miaka sitini, akachukua kijinga cha moto akatoka kumfukuza ndege yule. Hakuna aliyemzuia, hata sisi tulioshika Biblia mkononi. Mgonjwa alipona. Lakini wengi wetu tulikumbuka bundi upesi kuliko tulivyokumbuka kumshukuru Mungu.

Hofu ya namna hii imo katika historia ya misioni yetu tangu mwanzo. Mwaka 1846 Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann, waliotumwa na CMS, walianza kazi yao Rabai, karibu na Mombasa. Miaka miwili baadaye Rebmann alisafiri kwenda Uchaga. Watu wa pwani walikuwa na habari nyingi za kutisha juu ya mlima Kilimanjaro. Walisema una majini, na bunduki huko hukataa kulia. Weupe wa kileleni wengine waliudhani kuwa fedha. Ilisimuliwa pia kwamba mtawala mmoja aliwahi kutuma watu wapande wakaulete weupe ule. Wengi hawakurudi, na aliyerudi alikuwa ameharibika mikono na miguu. Wakasema majini wamemwadhibu.

Tarehe 11 Mei 1848 Rebmann akauona mlima. Alimwuliza kiongozi wa safari weupe ule ni kitu gani. Yule akajibu kwamba hajui hasa, ila anadhani ni baridi. Rebmann, aliyezaliwa katika nchi ya theluji, akafahamu mara moja.

Tusiwacheke wazee wale, ndugu zangu. Vidole vilivyokatika vilikuwa kweli, na vifo vilikuwa kweli. Kosa lilikuwa katika jina la mwuaji: aliyewaua ni baridi, wao wakamwita jini.

Wala tusidhani kwamba elimu peke yake huponya. Habari za Rebmann zilipofika London, bwana mmoja msomi wa jiografia, William Desborough Cooley, alikataa kabisa kwamba theluji yaweza kukaa karibu na ikweta. Yeye mwenyewe hakuwahi kukanyaga nchi hizi. Mwaka 1862 Baron von der Decken alipanda sehemu ya mlima na kuthibitisha neno la Rebmann, lakini Cooley hakukubali. Mwaka 1871 mmisionari Charles New akaifikia theluji yenyewe. Basi hata mtu wa vitabu vingi aweza kuzeeka akishikilia jambo kwa sababu tu amelizoea.

Na huyu bundi wetu? Bundi hula panya, na panya hukaa penye watu na nafaka. Usiku wa kawaida hulia, nasi tumelala. Nyumba ikiwa na mgonjwa, watu hukesha, nao humsikia. Mgonjwa akifa, tunamkumbuka bundi, akipona, tunamsahau. Ndivyo imani hii inavyoishi miaka mingi. Mtunga Zaburi ya 102, katika upweke wake, alijifananisha na bundi wa mahali palipo ukiwa. Alimwona kuwa mwenzake wa huzuni, wala hakuchukua kijinga.

Mtu atasema, “Mchungaji, bundi akifukuzwa kuna hasara gani?” Hasara ni kwamba hofu haitosheki na ndege. Hutafuta mtu. Zamani, katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki, mtoto aliyeota meno ya juu kwanza aliitwa kigego. Iliaminika kwamba ataleta mikosi na vifo nyumbani, na watoto wengine waliuawa kwa sababu hiyo. Tusiseme mambo hayo yamekwisha. Mwezi wa Oktoba 2021, huko Marani katika Kisii, wanawake wanne waliuawa na umati wa watu kwa kushukiwa uchawi. Umati ule ulikuwa wa watu wa karne hii, katika nchi iliyojaa makanisa. Hofu waliyopewa utotoni ilikua pamoja nao, nayo ikapata nguvu za watu wazima.

Basi tufanyeje? Petro, Andrea, Yakobo na Yohana walikuwa wavuvi, wanaume wenye nguvu, waliolijua ziwa la Galilaya. Lakini walipomwona Bwana akija juu ya maji usiku, walipiga kelele, wakidhani ni mzuka. Naye Bwana hakungoja hofu yao iishe ndipo aje. Alisema nao kwanza, wakaisikia sauti yake, kisha akaingia chomboni. Mtume Paulo naye alipokuwa mtu mzima aliyaacha ya kitoto. Kuyaacha ni kazi ya mtu mzima. Hayaondoki yenyewe kwa kuongezeka miaka.

Juma hili, bundi akilia, tumwombee mgonjwa aliye karibu, kisha tulale. Mtu akifa kijijini, tusiulize ni nani aliyemroga. Twende tumwamkie yule bibi aishiye peke yake, ambaye watoto wamefundishwa kumkimbia, nasi tuwachukue wajukuu wetu pamoja nasi, wamwone tukimshika mkono.

Tuombe. Ee Bwana, wewe uliyeingia chomboni mwa watu wenye hofu, ingia katika nyumba zetu usiku huu. Utuondolee hofu tuliyorithi, tusije tukawarithisha watoto wetu. Amina.