Mfalme Kufungwa kwa Hatua Nne

Kwenye vijiwe vya bao mjini Dar es Salaam, Kariakoo ikiwemo, ipo aibu inayoitwa kufungwa mkononi. Mchezaji ameanza na kete 22 za kunamua, hajazimaliza, mara safu yake ya mbele nyeupe, hamna kitu. Wakaa kijiweni watamkumbusha wiki nzima. Sataranji nayo ina aibu hiyo, ndugu msikilizaji, tena ya haraka zaidi: mgeni anaweza kufungwa kwa hatua mbili.

Ya hatua mbili ni ya kujitakia, tuiache. Inayowamaliza wengi ni ya hatua nne. Mpinzani anatoa askofu, kisha malkia, wote wawili macho kwenye kitunda kimoja: kile kilicho mbele ya askofu wa upande wa mfalme wako. Wanakitaka kwa sababu mwanzoni hakilindwi na yeyote ila mfalme mwenyewe. Mgeni anamwona malkia amesimama uwanjani peke yake, anafurahi, anatoa farasi amfukuze. Malkia hakuja kukaa. Anakula kitunda, askofu yuko nyuma yake anamlinda, mfalme hawezi kumgusa wala hana pa kukimbilia. Na dawa ilikuwa rahisi: angesogeza kitunda cha mbele ya farasi wa upande huo chumba kimoja tu, njia ya malkia ingezibika, na malkia angelazimika kurudi alikotoka.

Hata hivyo, wazee wa zamani hawakuujua mtego huu. Neno sataranji tumelipata kwa Waarabu, nao mchezo waliutoa Uajemi, na Waajemi waliutoa India, ulikoitwa chaturanga, yaani vikosi vinne: tembo, magari ya vita, farasi na askari wa miguu. Katika mchezo wa Waarabu na Waajemi, ubavuni mwa mfalme alisimama waziri, mzee wa watu, akienda mshazari chumba kimoja kimoja. Vita ilikuwa ya subira.

Ulaya walimbadili waziri jina wakamwita malkia, lakini kwa karne kadhaa alibaki na miguu ileile mizito. Mabadiliko yalikuja karibu na mwaka 1475, huko Uhispania na Italia, malkia alipopewa ruhusa ya kwenda popote, umbali wowote. Waitalia wakauita mchezo mpya sataranji ya kichaa. Wapo wanaosema heshima hiyo alipewa Malkia Isabella, aliyekalia kiti cha Castile mwaka 1474. Kwangu mimi hiyo ni hadithi tamu kuliko ushahidi. Mwaka 1497, Lucena alipochapa kitabu chake Salamanca, mafumbo ya mchezo wa zamani na wa mpya yalikuwa bado yanakaa pamoja.

Mitego ikawa bidhaa. Gioachino Greco, kijana wa Calabria, katika miaka ya 1620 alizunguka Paris na London akiwauzia matajiri vitabu vya mkono vilivyojaa michezo mifupi ya kumnasa mpinzani. Aliyenunua alikwenda kumfunga rafiki yake asiyekuwa na nakala. Nadhani ndivyo ilivyo hata leo: anayefungwa kwa hatua nne hajakosa akili, amekosa mtu wa kumwonyesha. Kijiwe chetu ni hodari wa kuzomea, lakini kurudisha kete nyuma ili mgeni aone ni kazi ya wachache.

Kampala walijaribu njia nyingine. Katika mtaa wa Katwe, Robert Katende alianza kufundisha sataranji watoto waliokuja wakifuata pia bakuli la uji. Phiona Mutesi alifika hapo karibu mwaka 2005, na aliyemwonyesha namna kila kete inavyokwenda alikuwa mtoto wa miaka minne. Mwaka 2010 Phiona alikaa mezani Khanty-Mansiysk, Urusi, akiichezea Uganda kwenye Olimpiadi ya sataranji.