Bill Dickey na Urithi wa Mdakaji

Katika besiboli, mchezo wa Marekani ambamo mrushaji hutupa mpira na mpigaji huupiga kwa gongo, mdakaji ndiye anayechutama nyuma ya mpigaji, akiwa amevaa barakoa ya chuma na glavu nene, huku akimwashiria mrushaji kwa vidole aina ya mpira wa kutupa. Kwa kuwa katika timu yake ni yeye pekee anayeutazama uwanja wote mbele yake, nafasi hiyo imekuwa chuo cha makocha, na mfano bora ni Bill Dickey, aliyeanza kuichezea New York Yankees mwaka 1928, akadaka mechi 100 au zaidi katika kila msimu kwa misimu 13 mfululizo, kuanzia 1929 hadi 1941. Mwaka 1949 alirejea klabuni akiwa kocha, akakabidhiwa kijana Yogi Berra, ambaye alimfunza kuchutama, kusogeza miguu na kurusha mpira upesi ili kumnasa anayeiba kituo, yaani mkimbiaji anayewahi kituo kinachofuata bila kusubiri mpira upigwe. Berra alitangazwa mchezaji bora wa ligi yake mwaka 1951, 1954 na 1955, kisha naye akawa kocha. Mwaka 1972 Yankees waliistaafisha jezi namba 8, waliyoivaa wote wawili, kwa heshima ya mwalimu na mwanafunzi wake.