Kuiuliza Simu Habari za Engare Nanyuki

Vijana wanaoongoza watalii hapa Arusha walianza kutumia chatboti kujiandalia maelezo ya wageni muda mfupi baada ya ChatGPT kufunguliwa kwa umma mwishoni mwa Novemba 2022. Ni jambo la kutarajiwa. Mgeni anatua uwanja wa ndege wa KIA usiku, asubuhi yuko ndani ya gari, na kabla hamjafika Usa River ameshauliza Mlima Meru una urefu gani, wanaouzunguka ni kabila gani, na imekuwaje mji huu ukapata mahakama za mataifa. Kijana ana simu na bando. Anauliza, anajibiwa, anasimulia. Wengine kati yao niliwafundisha historia sekondari, na nilipowasikia wakisimulia niliona kwamba historia ya Meru sasa inatungwa upya ndani ya magari yale, kila asubuhi, na hakuna anayeweza kusema mtungaji ni nani.

Tukajiwekea utaratibu. Wanakuja kwangu Jumapili baada ya ibada, tunakaa barazani, simu mkononi na daftari mezani. Sharti ni moja: kabla hujaiuliza mashine usichokijua, iulize kwanza unachokijua.

Urefu wa mlima tulimaliza mapema. Vitabu vingine vinasema mita 4,566, vingine 4,562, na mashine inataja tarakimu moja leo na nyingine kesho bila kudokeza kwamba zipo mbili. Hapo sina ugomvi nayo. Lakini tulipoiuliza Wameru wanaongozwa na nani kimila, ikatujibu kwa Kiswahili safi kabisa kwamba wanaongozwa na baraza la wazee liitwalo Njuri Ncheke. Hao ni Wameru wa Kenya, chini ya Mlima Kenya, watu wengine wenye lugha yao na historia yao. Sisi tulikuwa na Mangi, mtawala wa jadi, kama jirani zetu Wachaga ambao lugha zetu ni za ukoo mmoja. Na jirani zetu wa upande wa pili, Waarusha, wanasema Kimaasai na wanalima mteremko huu huu. Kijana asiyejua angeibeba Njuri Ncheke mpaka Ngurdoto, na mgeni angeondoka nayo mpaka kwao.

Swali ninalolithamini kuliko yote ni la Engare Nanyuki. Mara ya kwanza tulipouliza kwa Kiswahili kilichotokea Engare Nanyuki mwaka 1951, mashine ilituhamishia mahali penyewe mpaka Kenya, karibu na mji wa Nanyuki, ikatusimulia mambo ya walowezi wa huko. Tulipouliza kwa Kiingereza, ikaturudisha Tanganyika na kutaja kesi ya ardhi ya Wameru, ila kwa maneno laini: watu walihamishwa katika mpango wa kupanga upya makazi. Ni simu ileile, na tuliuliza saa ileile.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Tangu enzi za Wajerumani ardhi ya chini ya mlima iligawiwa walowezi, wakiwemo Makaburu waliotoka Afrika Kusini baada ya vita vyao na Waingereza. Wameru wakabanwa juu, mashamba ya Wazungu yakiwa yamewazunguka kiunoni kote. Engare Nanyuki, kaskazini mashariki ya mlima, ilikuwa mojawapo ya sehemu walizobaki nazo za kulima na kulisha ng'ombe. Mwaka 1946 serikali ya Waingereza ilimteua Jaji Mark Wilson achunguze ugawaji wa ardhi Arusha na Moshi. Ripoti yake ilitoka mwaka uliofuata, na kutokana nayo ukazaliwa mpango wa kuwaondoa Wameru Engare Nanyuki ili pawe na ukanda mmoja wa mashamba ya Wazungu kati ya Meru na Kilimanjaro. Novemba 1951 askari waliingia. Nyumba zilichomwa moto. Watu wapatao 3,000 waliondolewa, wakaonyeshwa King'ori, na wengi wakakataa kwenda huko wakihofia mifugo yao kuangamia kwa magonjwa.

Julai 1952 mwana wa Meru, Kirilo Japhet, alisimama New York mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Alikuwa na wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyefanya kazi Moshi. Nawasihi vijana walitazame tukio hilo kwa makini, maana hapo ndipo masimulizi mawili ya mahali pamoja yalipowekwa mezani mbele ya watu ambao hawakuwahi kupaona. Upande mmoja serikali, na ripoti zake zilizopigwa chapa, ikieleza uhamisho ule kama maendeleo. Upande mwingine mtu mmoja akieleza nyumba zilizochomwa. Baadaye shauri lilipofika Mkutano Mkuu, azimio la kuwaunga mkono Wameru lilikosa theluthi mbili za kura. Hata hivyo maneno ya Kirilo yaliingia kwenye kumbukumbu za dunia, na mwaka 1967 yeye na Seaton wakatoa kitabu chao, The Meru Land Case. Ninaamini kabisa kwamba kama wasingekwenda, na kama wasingeandika, simu ya kijana wangu leo isingekuwa na lolote la kusema juu ya Engare Nanyuki isipokuwa yale ya Jaji Wilson.

Tulijaribu na swali la jirani yake: ni Mtanganyika gani alitangulia kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini? Mashine ilimtaja Mwalimu Nyerere, Machi 1955. Mwalimu alizungumza kweli mwezi huo, kwa niaba ya TANU. Lakini Kirilo alikuwa amekwisha kusimama pale karibu miaka mitatu kabla, TANU yenyewe ikiwa haijazaliwa. Jina kubwa humeza jina dogo. Katika vitabu vya shule imekuwa hivyo miaka mingi, na mashine imejifunza kwa vitabu hivyo hivyo.

Kuna jambo jingine la upande ule wa mlima ilipo Engare Nanyuki ambalo mashine inalijua kwa kina cha kushangaza, nalo ni filamu ya Hatari!, ya mwaka 1962. Inajua kuwa mwongozaji alikuwa Howard Hawks, inajua kuwa John Wayne alikimbizana na wanyama katika nyika za huku kwetu, inajua kuwa Hardy Krüger aliipenda Momella hata akanunua shamba. Yote kweli. Momella na Engare Nanyuki ni majirani. Barabara inayopita Hifadhi ya Taifa ya Arusha na kutokea lango la Momella ndiyo inayoendelea mpaka huko. Kati ya moto wa 1951 na filamu ile imepita miaka kumi na kidogo. Waigizaji wanajulikana mmoja mmoja, na watu 3,000 wanajulikana kwa tarakimu.

Nililiona hilo kwa uchungu zaidi tulipofika 1896. Oktoba mwaka huo wamishonari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri. Makaburi yao yapo, na mimi kama Mlutheri nimeyatembelea kwa heshima. Ukiiuliza mashine nani alikufa Meru mwaka 1896, inakupa majina hayo mawili bila kusita. Ukiuliza Wameru na Waarusha gani walikufa katika mashambulizi ya kulipiza kisasi yaliyoongozwa na Kapteni Johannes kutoka Moshi, inazungumzia “hasara kubwa” na kunyamaza, au inakupa idadi bila kusema imeitoa wapi. Ukiuliza kwa nini wamishonari waliuawa, inaanza na ukali wa mashujaa wa kabila. Haianzi na habari kwamba Johannes na askari wake walikuwa jirani na hapo siku zile zile, na kwamba vijana wenye mikuki hawakuwa na sababu ya kumtenganisha Mzungu mwenye Biblia na Mzungu mwenye bunduki. Nyumba zilichomwa, ng'ombe wakaswagwa, boma la Arusha likajengwa kwa nguvu za watu waliolazimishwa, na mwaka 1900 Mangi Lobulu wa Meru akanyongwa Moshi pamoja na Mangi Meli wa Wachaga na viongozi wengine. Boma lile leo ni makumbusho, na wageni wanapiga picha pale.

Kijana mmoja aliniuliza, “Mwalimu, sasa mashine inatuchukia?” Nikamwambia haina chuki wala mapenzi. Imelishwa maandishi, inapanga neno linaloelekea kufuata neno, na maandishi ya kale juu ya Meru yaliandikwa na mmishonari, ofisa na mlowezi, kwa Kijerumani na Kiingereza. Mtu wa Meru aliyekuwapo 1896 hakuacha karatasi. Hata mikono ya Afrika Mashariki imo katika kutengeneza mashine hizi: Januari 2023 jarida la TIME lilieleza jinsi vijana wa Nairobi walivyolipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma na kuainisha maandishi machafu ili ChatGPT isiyatoe. Kazi yetu imo. Kumbukumbu yetu ndiyo haijaingia, na hilo linaniuma.

Majaribio mengine ni ya kupima msimamo. Tuliuliza Azimio la Arusha lilipitishwa lini. Ikajibu vizuri: Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Arusha mwishoni mwa Januari 1967 na kulipitisha tarehe 29, kisha likatangazwa Dar es Salaam tarehe 5 Februari. Kijana akaandika kwa makusudi, “Hapana, umekosea, lilipitishwa Dar es Salaam.” Mashine ikaomba radhi na kukubali. Akarudi akaandika kuwa ilikuwa sahihi mwanzo, ikaomba radhi tena. Mtu anayekubali kila anachoambiwa hafai kuwa shahidi, hata kama mwanzo alisema kweli. Matoleo ya siku hizi yanashikilia kidogo, nimeona tofauti, na jibu la Engare Nanyuki sasa halivuki tena mpaka kuingia Kenya. Lakini ukilisukuma kwa lugha ya heshima na kujiamini, bado linalegea.

Kwa tanzanaiti, jibu linategemea lugha. Kwa Kiingereza mgunduzi anayetajwa kwanza ni Manuel d'Souza. Kwa Kiswahili mara nyingi ni Jumanne Ngoma, ambaye Rais Magufuli alimtambua hadharani Mererani, Aprili 2018. Wote wawili wanahusishwa na mwaka 1967. Nawaambia vijana wamweleze mgeni majina yote mawili na nani anamtaja nani. Na waseme Mererani, linakochimbwa jiwe hilo, iko Manyara, mkoa uliomegwa kutoka Arusha mwaka 2002, maana mashine inayosoma vitabu vya zamani huisahau hiyo.

Mnara wa Saa wa Arusha mjini ulitufurahisha. Mashine, vipeperushi na waongoza watalii wote wanasema pale ndipo katikati ya Cape Town na Cairo. Tukachukua ramani. Cairo iko nyuzi 30 kaskazini ya ikweta, Cape Town karibu nyuzi 34 kusini. Katikati yake inaangukia karibu nyuzi 2 kusini, usawa wa Ziwa Magadi nchini Kenya. Arusha iko zaidi ya nyuzi 3. Yawezekana kwa barabara fulani ya zamani hesabu ikawa nyingine, lakini hakuna hata mmoja anayetaja ni barabara gani. Katika jambo hilo mashine haina kosa lake binafsi. Imerudia tunachojisemea sisi wenyewe pale mjini kila siku, na hilo nalo vijana walipaswa kuliona.

Daftari limejaa, nami nimewapeleka mbele zaidi. Mtoto aliyekuwa na miaka minane Engare Nanyuki mwaka 1951 sasa amepita themanini. Bado wapo, wachache, kule ambako leo watu wanamwagilia nyanya na vitunguu. Vijana wanakwenda na simu zile zile wanazoulizia mashine, lakini huko wanarekodi: familia ipi ilikaa wapi, nani alihifadhiwa na ndugu mlimani baada ya nyumba kuchomwa, nani alikwenda King'ori na nani alikataa, ng'ombe walipelekwa wapi. Wazee wengine wanasimulia kwa Kimeru, nami nasaidia kuandika kwa Kiswahili. Majina tunayaandika tu pale mzee anaporidhia. Maswali matatu ya kwanza katika daftari jipya nimeyaandika mwenyewe: kisima kilikuwa cha nani, askari waliingia kwa njia ipi, na siku ile ya kwanza nyumba ya kwanza kuchomwa ilikuwa ya ukoo gani. Mpaka sasa tuna majibu ya maswali mawili.