Maji ya Kasarani

Kiangazi kikikaza huku Bukundi, wilayani Meatu, maji hutafutwa mchangani. Mtu anafukua mto uliokauka, anasubiri yajikusanye, kisha anachota kidogo kidogo. Ndiyo maana nikisoma kwamba bwawa la mashindano lina urefu wa mita 50, upana wa mita 25 na kina cha mita 2, huanza kupiga hesabu kabla ya kuwafikiria waogeleaji. Ni lita 2,500,000, yaani ndoo 125,000 za lita 20. Kaya inayotumia ndoo sita kwa siku ingekaa nalo miaka 57.

Kina hicho kina kazi yake. Mwogeleaji akipiga maji, mawimbi hushuka sakafuni na kurudi kumsumbua. Bwawa likiwa na kina, hufifia njiani. Zile kamba zenye maboya nazo huvunja mawimbi ya jirani.

Nairobi ilijipatia maji ya namna hiyo kwa sababu ya Michezo ya Afrika. Brazzaville ilianza mwaka 1965, zikafuata Lagos 1973 na Algiers 1978. Zamu ya Kenya ilichelewa sana, ikatimia Agosti 1987. Uwanja wa Nyayo ulikuwa umefunguliwa mwaka 1983. Kituo cha Kasarani kikajengwa kwa msaada wa China: uwanja wa watu 60,000, na katika eneo hilohilo ukumbi wa michezo ya ndani na bwawa la mita 50. Kasarani kikapewa jina la Rais Moi, na “Nyayo” ilikuwa kaulimbiu yake. Popote mwanamichezo alipokwenda, alikutana na mzee yuleyule.

Michezo ya 1987 yenyewe wengi huikumbuka kwa mpira: Misri iliifunga Kenya 1-0 katika fainali. Kuogelea kulibaki zaidi kwa watoto wa klabu na shule zenye mabwawa yao. Bwawa la taifa lilikuwepo, lakini lilikuwa mbali na mtoto asiye na nauli, sembuse mwalimu.

Kisha akaja Jason Dunford, Mkenya aliyesoma na kufanya mazoezi Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Mwaka 2007 alishinda dhahabu ya kipepeo mita 100 katika Michezo ya Afrika huko Algiers. Mwaka uliofuata, katika mchujo wa Olimpiki mjini Beijing, aligusa ukuta kwa sekunde 51.14. Ilikuwa rekodi ya Olimpiki! Ilidumu dakika chache tu. Milorad Čavić wa Serbia akaivunja katika kundi lililofuata. Kwenye fainali, ile ambayo Michael Phelps alimshinda Čavić kwa mia moja ya sekunde, Dunford alishika nafasi ya tano. Nchi iliyozoea kuhesabu medali za wakimbiaji ilijikuta ikimtazama mtu wa majini. Miaka miwili baadaye, Delhi, alitwaa dhahabu ya Jumuiya ya Madola katika kipepeo mita 50.

London 2012 ndiye aliyebeba bendera ya Kenya. Tanzania nayo ilikuwa na mwogeleaji wake huko, Magdalena Moshi. Septemba ya mwaka huohuo, mabingwa wa kuogelea wa Afrika walikusanyika Nairobi, katika bwawa la Kasarani, robo karne baada ya ile michezo iliyokiibua kituo hicho.