Usiformati Mashine, Dirisha Lilienda Tu Matembezi

Wadau, hii imewahi kupata wengi wetu wa podikasti na biti. Unafungua programu ya sauti, ikoni yake inawaka pale chini, lakini dirisha halionekani popote. Fundi anakwambia mashine imeharibika, ulipe aformati. Zuia mfuko kwanza. Hii shida iko na historia yake.

Turudi 1997, mwaka Winamp ilitoka. Plea, ikwalaiza na orodha ya nyimbo, kila moja ilikuwa na dirisha lake, na unazipanga unavyotaka. Ukizima na kuwasha, unazipata palepale. Siri ilikuwa faili moja ndogo, winamp.ini. Programu ikifungwa iliandika humo namba: pikseli ngapi kutoka kushoto, ngapi kutoka juu. Ikifunguliwa inasoma, inajichora hapo.

Wakati huo watu wengi wa Windows walikuwa na skrini moja, so namba hazikuwa na noma. Macintosh II ilikubali skrini zaidi ya moja tangu 1987, lakini kwa Windows za nyumbani hiyo kitu ilikuja na Windows 98. Hapo ndipo namba zilianza kudanganya. Skrini yako ikiwa na upana wa pikseli 1920, ile ya pili upande wa kulia inaanzia 1920. Dirisha liko 2400? Basi liko skrini ya pili. Sasa ichomoe urudi nayo kwa rafiki aliyekuazima. Programu isiyouliza kama skrini bado ipo itajichora 2400, hewani. Ni kama boda kukupeleka kwa ploti iliyobomolewa juu pini ya zamani bado iko kwa simu.

Programu nyingi za leo huangalia kwanza. Si zote, na vidirisha vya plagini bado hupotea.

Kuirudisha ni bure. Chagua programu kwa Alt na Tab. Bonyeza Alt na Spesi, kisha M, kisha mshale wowote wa kibodi, halafu sogeza mausi. Dirisha litaifuata. M ikikataa, anza na R.

Ikigoma kabisa, tafuta faili ya mipangilio. Audacity, iliyoanzishwa 1999 pale Carnegie Mellon na Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg, huweka yake kwa audacity.cfg, kando na programu yenyewe. Ndio maana unaweza kuifuta programu, uiweke upya, na ikumbuke ya kale. Ifunge, badilisha jina la faili hiyo, ifungue tena; itajitengenezea nyingine. Utapoteza mipangilio, si rekodi. Rekodi ulizosevu ziko kwa faili za aup3, tangu toleo la 3.0 la 2021.

Kuformati ndiko kunaweza kufuta miezi yako ya kazi. Kwa hivyo fundi akisema format, muulize kwanza: umeangalia faili ya mipangilio? Akikutolea macho, beba mashine yako uende.