Kinga Ina Deni Kwetu

Sisi tuliotoka Uvira baiskeli tunaiita kinga. Hapa Kakuma wenyeji wanasema baiskeli, nasi tumezoea. Siku hizi inatajwa sana kwenye mambo ya tabianchi: wafanyakazi waache magari, waende kazini kwa kinga, hewa ipone. Ni neno jema. Lakini ndugu msomaji, kinga hii ina historia, na sisi tumo ndani yake.

Tuanzie 1888. Mwaka huo John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, aliandikisha uvumbuzi wa tairi la mpira lenye upepo ndani. Zamani baiskeli ilikuwa inavunja mgongo. Sasa ikawa laini, na Ulaya yote ikaitaka. Baadaye bei ikashuka, hata kibarua wa kiwandani akaenda kazini akikanyaga pedali.

Mpira wenyewe ulitoka wapi? Mwingi ulitoka Amazon. Mwingine ulitoka kwetu, kwenye misitu ya Equateur na kwingineko, wakati Kongo ilikuwa mali ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, 1885 mpaka 1908. Mwanakijiji aliyeleta utomvu pungufu alichapwa, mke wake alishikwa rehani, na askari walikata watu mikono. Njaa ile ya mpira ilianza na baiskeli, magari yakaja kuiongeza.

Miaka ikapita, Wabelgiji wakanunua magari, kinga ikaonekana ya maskini. Mwishoni mwa 1973 nchi za Kiarabu zikabana mafuta, na serikali ya Ubelgiji ikazuia magari siku za Jumapili. Watu wakakumbuka kwamba wana miguu. Mafuta yaliporudi, wengi wakasahau tena.

Kilichodumu ni hesabu. Sheria ya 1997 ilimruhusu mwajiri kumlipa mfanyakazi anayekuja kwa baiskeli hadi franka 6 kwa kilomita, bila kukatwa kodi. Na Mei 2023, mfanyakazi wa kampuni binafsi ambayo haikuwa na mpango wowote alipata haki ya senti 27 za yuro kwa kilomita, mwisho kilomita 20 kwenda na 20 kurudi. Kila lita ya petroli isiyochomwa inaokoa zaidi ya kilo 2 za kaboni dioksidi. Wabelgiji waliona faida hiyo ni ya wote, kwa hiyo anayetoa jasho alipwe.

Kwetu mambo yako kinyume. Sisi hatukuwahi kuiacha kinga. Bonde la Ruzizi linalishwa na vijana wanaosukuma mihogo na makaa juu yake. Lakini Machi 2022 serikali ya Burundi ilizifukuza baiskeli katikati ya Bujumbura, pamoja na pikipiki na bajaji. Magari yakabaki.

Na hapa kambini? Shirika moja nililolifanyia kazi lilituhimiza sisi wa insentivu tuje kwa baiskeli, tulinde mazingira. Tulipiga makofi. Halafu tukauliza: tyubu nani ananunua? Miiba ya mathenge inatoboa tairi kila wiki, laga likijaa maji hakuna njia, na posho yetu mnaijua. Nje gari za ofisi zilikuwa zinanguruma, ndani pabaki baridi. Jibu halikuja.

Mimi sipingi kinga. Naipenda, na jua la Turkana linanikumbusha kila mchana kwamba dunia inachemka. Ila anayetaka tukanyage pedali kwa ajili ya dunia aanze na vitu vitatu: tyubu, njia, na shilingi kadhaa kwa kilomita. Si sadaka. Babu wa watu walishalipia tairi la kwanza, na risiti hawakupewa.